Samaki Waliokwama Mpakani

Kama ulitaka kujua hali ya barabara ya kutoka Uvira, Kongo, kupanda hadi Bunagana, mpakani na Uganda, hukuhitaji kununua betri za redio. Ulipita sokoni Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ukaitazama meza ya Mama wa ndagala. Meza ikijaa, barabara iko wazi. Meza ikiwa tupu na mwenyewe amekaa pembeni anafuma kitambaa, basi daraja limevunjika, au wenye bunduki wamerudi, au mkubwa wa forodha amebadilishwa na huyu mpya bado hajajua ni kiasi gani kinatosha kulishibisha tumbo lake. Watu walikuja kwake kuuliza habari za nyumbani hata kama hawana hela ya samaki. Aliwajibu wote. Asiyenunua alijibiwa kwa ufupi.

Ndagala, kwa msomaji ambaye Mungu hakumjalia kuwa jirani wa Ziwa Tanganyika, ni dagaa wadogo wa rangi ya fedha, wanaokaushwa juani na kuuzwa kwa kopo. Sisi Wakongomani wa Kivu Kusini tunawalilia. Warundi wa Nakivale wanawalilia vilevile, na ni moja ya mambo machache tunayokubaliana bila kuitiwa mkutano. Ugali, ndagala, pilipili pembeni. Mtu anakula, na ukimwangalia unajua kwamba kwa dakika hiyo hayuko Uganda.

Mama huyo alizaliwa wapi na kwa nani, sitasema. Nilimuuliza mara mbili, nikapata majibu mawili, na yote mawili yaliishia na mimi kununua samaki.

Meza yangu ilitazamana na yake. Mimi nilikuwa nauza vitu vidogo vidogo vya China: tochi, chupa za chai, vitana, ndala, chaja za simu. Kwa miaka tuliyokaa pale nadhani nilimtazama yeye kuliko nilivyomtazama mke wangu, na mke wangu ameshasema hivyo mwenyewe. Kwa hiyo ninapoeleza namna alivyopima, ninaeleza kitu nilichokichunguza. Alitumia kopo la maziwa ya unga, lililobonyea kidogo upande mmoja, upande ambao ulimwangukia mteja. Na kila alipochota, kidole gumba chake kilikuwa ndani ya kopo. Siku moja nilimwambia akitoe.

"Baba Neema," akasema, "hiki nacho kilitoka Uvira. Unataka nikiache inje ju ya nini?"

Halafu, akishamimina, aliongeza matabishi, ile konzi ya bure ambayo kwetu muuzaji asiyeitoa anahesabiwa kuwa mgonjwa au mchawi. Alitoa kwa mkono wa kulia, kwa tabasamu, akisema jina la mtoto wako. Ukaenda nyumbani unamsifu. Mimi nilipima matabishi yake nyumbani, nikapima tena: ilikuwa sawasawa na kile kidole gumba. Hakukupunja hata kidogo, na hakukupa kitu. Nimefanya biashara na watu wengi, sijaona tena hesabu safi kama ile.

Alikuwa na maneno yake. Mteja akilalamikia bei alisema, "Samaki huyu amevuka mipaka mingi kuliko weye." Akiombwa mkopo alisema, "Mkopo uliachwa Bunagana, haukuwa na karatasi." Na kwa mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria ambao Waganda hula na wengine huwapa kuku, hakuwa na huruma. Mtu akipita na mukene kwenye mfuko, alishusha kitambaa anachofuma na kutikisa kichwa, kama vile anaona mtoto wa jirani analewa mchana. "Chakula ya kuku," alisema, kwa sauti ya upole ambayo ilifika mbali.

Lakini mtu huyo huyo alisali kila asubuhi kwa ajili ya wapinzani wake wa kibiashara, kwa majina. Niliwahi kusikia jina langu, ingawa mimi siuzi samaki. Nilipomuuliza alisema ni kwa tahadhari.

Mteja wake mkubwa alikuwa Pasta, mchungaji wa kanisa dogo la miti na turubai pale Rubondo, mtu mwembamba mwenye sauti ya watu wawili. Pasta aliamini kwamba Mungu alimpa ulimi wa pekee. Alikuwa akitia ndagala mmoja mdomoni, mbichi hivyo hivyo, anafumba macho, halafu anatangaza mbele ya soko lote: "Huyu amekunywa maji ya Tanganyika!" Wateja wengine walisubiri atamke ndipo wanunue. Hakulipwa kwa kazi hiyo, ila kwake yeye kidole gumba kilikaa nje ya kopo.

Sasa niseme nilivyojua ukweli, maana bila hilo hakuna ninachoeleza kitakachoeleweka.

Nilikuwa mjini Mbarara, nimekwenda kuchukua chupa za chai kwa bei ya jumla. Nikakata njia nyuma ya soko, upande wa samaki. Mbele yangu kulikuwa na mama amejifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, anagombana na muuza mukene kama mtu anayegombania shamba. Kando yake alisimama dada wa Kamukuzi, mtaa wa wenye nazo, msafi, na gari linamsubiri, ananunua mukene wa kuku wake. Gunia lilikuwa moja. Wote wawili walichotewa humo humo. Mama akageuka. Tukaonana.

"Baba Neema," akasema polepole, "haujaniona."

"Nakuona, Mama."

"Haujaniona."

"Inategemea," nikasema.

Tulielewana pale pale, nyuma ya soko, kwa kopo moja kila mwisho wa mwezi, lililopimwa bila kidole. Sikuona ubaya. Tochi zangu zimeandikwa Ujerumani, na yeye hajawahi kuniuliza.

Baada ya siku hiyo alinieleza kazi yake, nadhani kwa sababu ufundi usioweza kumwonyesha mtu yeyote unachosha. Alinunua mukene Mbarara. Akashuka nao Kabingo, njiani kurudi kambini, kwa rafiki yake mmoja mjane mwenye uwanja mpana. Hapo aliwachekecha mpaka mchanga wote ukatoka, akaondoa waliovunjika vichwa, akawasuuza kwa maji ya chumvi, akawaanika upya juu ya chandarua, akikaa nao siku nzima kufukuza kunguru. Kisha akawatia kwenye magunia yake mawili yenye maandishi ya Kifaransa, yaliyoshonwa viraka hadi viraka vikashonwa viraka. Magunia hayo ndiyo pekee yaliyowahi kuona Kongo.

Kilichonishangaza si udanganyifu, sokoni tumezoea. Kilichonishangaza ni uaminifu aliouwekea uwongo huo. Alisikiliza redio mbili, moja ya Kifaransa, moja ya Kiswahili, na kitu kiliposemwa na zote mbili alikifuata kama sheria. Mto ukifurika bonde la Ruzizi, kule Uvira, yeye hapa Rubondo aliacha kuuza juma zima, na samaki wamejaa chini ya kitanda. Mapigano yakianza, anafunga. Barabara ikifunguliwa, anahesabu siku za lori kutoka kule mpaka hapa, na siku inayofaa ndipo anaweka meza, amechoka, anasimulia mambo ya Bunagana.

"Lakini Mama," nilimwambia, "samaki unao. Uza."

"Weye unafikiri batu ni bajinga? Barabara imefungwa, samaki ipite wapi?"

Alisema hivyo akiwa ameudhika kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kumtia kwenye uwongo.

Ndivyo korona ilivyomkuta.

Siku zile kabla ya kufungwa kwa nchi, alikuwa ametoka Kabingo na mzigo mkubwa kuliko wowote aliowahi kuchukua, magunia yote mawili, pesa yake yote imo humo. Redio zake zilikuwa zimetaja mvua mbaya upande wa Uvira. Basi akaacha meza tupu, akamwambia Pasta mbele yetu sote: "Muzigo yangu imefika Bunagana, inangoja tu kuvuka." Alitaka kungoja siku chache, hamu ipande, na bei ipande nayo. Ni mpango ambao hata mimi ningeufanya.

Kesho yake mipaka ikafungwa.

Kwa hiyo samaki waliokuwa chini ya kitanda cha Mama wa ndagala, kilomita sifuri kutoka Rubondo, walikuwa rasmi wamekwama Bunagana, upande wa Kongo, kwa muda usiojulikana.

Mambo mengine yalikuwa ya kweli, na hayakuchekesha. Magari ya abiria yalisimama. Pikipiki ziliruhusiwa mizigo tu. Makanisa yalifungwa. Mgao wa chakula ulipunguzwa, na wale waliokuwa wakitumiwa pesa na ndugu wa Ulaya na Marekani walipiga simu wakaambiwa kwamba ndugu nao wamefungiwa kazi, wamekaa ndani wanatazama ukuta. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba hoteli ikifungwa mahali ambapo sitafika kamwe, mama fulani wa Rubondo atakosa sabuni. Mimi mwenyewe nilimpigia tajiri wangu wa Kampala anayeniletea vitu vya China. Akaniambia meli hazitembei, makontena yamekaa, na kilichobaki kimepanda bei. Ni sawa tu, maana wateja hawakuwepo. Kafyu ilikuwa imetangazwa. Nani anunue tochi wakati usiku umepigwa marufuku?

Katika hali hiyo, mimi ambaye bidhaa zangu zilikwama kweli baharini nilikaa kimya, na yeye ambaye bidhaa zake zilikuwa chini ya kitanda akageuka mwalimu wa uchumi wa dunia. Alikaa kwenye meza yake tupu, barakoa kidevuni, akifuma, na watu wakisimama mbali mbali kumsikiliza.

"Ba bateau yote imesimama, meli hazitembei. Port zimejaa, hakuna fasi ya kushusha. Chine imefunga, Italie imefunga. Commerce ya dunia mzima imelala hospitali. Sasa weye unaniuliza ndagala?"

"Mama, lakini ndagala haitoki China," Pasta alisema.

"Pasta, bintu byote bimeshikana. Ukivuta uzi huku, kule nguo inaachana."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na lililoniudhi ni kwamba alichosema kilikuwa kweli tupu. Dunia nzima haikuwa na biashara nyingine kama ile: bidhaa isiyowahi kuvuka mpaka, imefungwa kwa sababu ya mipaka.

Wiki zikapita. Alikuwa na wajukuu watatu nyumbani, na mama yao alikuwa amekwama Kampala alikokwenda kutafuta kazi za ndani. Nikaanza kuona kitambaa anachofuma hakirefuki. Alikuwa anafuma na kufumua, uzi ulikuwa umekwisha.

Nikaenda kwake mchana mmoja. Kabla sijabisha hodi harufu ilinipokea. Nyumba ya mwanamke aliyefunga biashara kwa kukosa samaki ilinuka samaki mpaka kwenye kizingiti. Wajukuu walikuwa wanakula samaki hao hao asubuhi, mchana na jioni, bila ugali, na mdogo alipomwona bibi yake anashika sufuria alianza kulia.

"Mama," nikasema, "mvua zinakuja. Samaki watashika unyevu, waingie wadudu. Utabaki na magunia mawili ya uchafu. Na hela yako yote imo humo."

"Najua."

"Uza."

"Niuze nikisema nini? Ilitokea wapi? Iliruka?"

"Nipe mimi. Nitauza kwenye meza yangu, nitasema ni mukene. Lori za mizigo bado zinafika Mbarara na mukene. Hakuna atakayeuliza."

Aliniangalia kama nimemwambia amvue nguo mtoto wake sokoni.

"Mukene? Samaki yangu?"

"Mama, ni mukene."

"Najua ni mukene! Lakini haijawahi kuitwa hivyo ikiwa kwangu."

Tulibishana mpaka jua likageuka. Kwanza hakutaka kabisa. Kisha alitaka bei ya ndagala. Nikamwambia hakuna mtu atakayelipa bei ya ndagala kwa mukene, na yeye ndiye aliyewafundisha wasilipe. Akavuta magunia kutoka chini ya kitanda. Tukakubaliana: mimi nachukua fungu dogo kwa kila kopo, yeye anachukua linalobaki, na gunia nilete la kwangu, jeupe, lisilo na Kifaransa. Tulipokuwa tunahamisha samaki, alinishika mkono.

"Usitie kidole," akasema. "Batu bana njala."

Mukene wangu walinunuliwa. Si kwa furaha, ila walinunuliwa. Watu walisimama mbele ya meza yangu wamekunja uso, kama wanaonunua dawa. Pasta alikuja siku ya kwanza, akatia mmoja mdomoni, akafumba macho kwa mazoea, akayafumbua.

"Basi," akasema. "Tufanye nini. Mwili unadai kitu."

Siku ya pili alirudi. "Siyo mbaya sana, Baba Neema. Ila haina ile kitu. Ile ya Mama ukiimeza unasikia ziwa. Hii unasikia tu chumvi."

Ng'ambo, kwenye meza tupu, sindano ya kufumia ilisimama.

"Pasta," Mama akasema, "hiyo mukene iko na ubaya gani?"

"Siyo ubaya, Mama. Ni uduni tu."

"Uduni? Angalia vile inang'aa. Haina hata punje ya mchanga. Mutu alikaa akaisafisha hiyo moja moja na mikono yake."

"Weye mwenyewe ulitufundisha ni chakula ya kuku."

"Kuku banajua kukula!"

Soko likacheka. Yeye hakucheka. Mimi nilihesabu vitana vyangu, vilikuwa vyote, nikavihesabu tena.

Ilikuwa hivyo kila siku. Hela ilimfikia, wajukuu wakapata unga, na katika hilo tulishinda. Lakini alilazimika kukaa pale na kusikia kazi yake inatukanwa, na inatukanwa kwa kusifiwa yeye. Mmoja anasema, "Ngoja mpaka wa Bunagana ufunguliwe, Mama atatuletea ya kweli." Mwingine anasema, "Hii inanipa kiungulia, ile ya Mama haikunipa." Na kila mmoja akiondoka anamwonea huruma, anamwambia avumilie, mzigo wake utavuka tu. Sijui kama mnaelewa mateso ya mtu huyo. Akinyamaza, samaki wake ni wabaya. Akisema, jina lake linakufa, na meza yake haitapata mteja tena hata mipaka ikifunguliwa. Wajukuu watatu walikuwa wanakaa juu ya jina hilo.

Siku Pasta aliposema mchuzi wa mukene wangu ulikuwa mchungu, Mama aliweka chini kitambaa. Akainuka, akavuka njia, akasimama mbele ya meza yangu. Wanawake wawili wa Kirundi walikuwa kwenye foleni nyuma ya Pasta, wamesimama mbali kama serikali ilivyoagiza.

"Pasta, sikiya. Na nyinyi bote musikie. Hii ni ile ile. Njo ile nilikuwa nauzishaka. Haina Uvira, haina Bunagana, haina bateau. Inatoka Mbarara. Tangu siku ya kwanza. Ile ulikuwa unafungia macho, njo hii."

Nilishika meza. Nilijiambia, sasa tunapigwa wote wawili.

Pasta alishusha barakoa. Macho yake yalijaa machozi.

"Mama," akasema, "usijitukane hivi. Tunajua roho yako. Unaona tunateseka na hii samaki, unataka tuipende."

"Hapana! Nasema kweli!"

"Maskini," mama mmoja wa Kirundi alimwambia mwenzake, "njaa imemfika kichwani. Anawakana hata samaki wake mwenyewe kwa ajili yetu."

Yule mwenzake hakuwa na roho laini. Alinigeukia mimi. "Baba Neema, umemulipa ngapi aseme hivyo?"

"Mimi?"

"Weye! Mukene yako haiuziki, sasa unatumia jina ya huyu mama!"

"Naapa mbele ya Mungu," Mama alisema, "mkubwa wa forodha hata mmoja hajawahi…"

"Usiape, Mama," Pasta akamkatiza, akanyoosha mkono hewani, maana kumgusa ilikuwa marufuku, na akaanza kuomba. Aliomba kwa sauti yake ya watu wawili. Aliomba mpaka wa Bunagana ufunguke, mzigo wa mtumishi wako huyu uvuke salama, na wale wanaotumia shida ya wajane kuuza bidhaa duni watubu. Kwenye sehemu hiyo alifungua jicho moja upande wangu. Soko lote likajibu amina.

Mama alirudi kwenye meza yake tupu, akakaa. Nimeona watu waliotukanwa, waliopigwa, waliofukuzwa kwenye viwanja vyao. Sijawahi kuona mtu aliyeumizwa kama yule, na aliumizwa kwa kuaminiwa.

Mipaka ilipofunguliwa alingoja siku zinazofaa, akaweka meza. Pasta alikuja wa kwanza, akatia mmoja mdomoni, akafumba macho.

"Ee! Huyu sasa! Huyu ndiye!"

Mama alinitazama. Mimi nilikuwa ninajaribu tochi, kama inawaka.

Aliendelea kuuza, na aliendelea kuuza vizuri. Ila hakusimulia tena. Ukimuuliza habari za Bunagana alisema, "Sijui," na watu wakafikiri amezeeka. Na mtu alipopita na mukene kwenye mfuko, alimsalimia.

Baadaye mimi nilihamia Mbarara. Nina kibanda karibu na soko, chupa za chai ni zile zile, kodi imekua. Juzi, asubuhi, nikasikia mtu anabishana bei ya ndala zangu kwa kuzitukana, na kabla sijainua kichwa nilijua ni nani. Amepungua mwili. Sauti haijapungua.

Alikuja kwa ajili ya Pasta. Pasta amepata safari. Anakwenda na familia yake kuishi katika nchi moja ya baridi, ambayo kila mtu wa Rubondo analitamka jina lake kwa namna yake, na ameagiza mfuko mzima wa ndagala wa Uvira wa kubeba kwenye ndege.

"Sasa wewe ni import-export kweli," nikamwambia.

Hakucheka. "Baba Neema, kule kuna batu ba Uvira. Mingi. Bako na makanisa yao, bananunua ndagala ya kweli inakuja na ndege. Pasta atawaalika. Atafunga macho mbele yao. Batamucheka, mutu muzima. Na itakuwa ju yangu."

"Mwambie ukweli."

"Nilimwambia. Ulikuwepo."

Nikafunga kibanda, nikamsindikiza kwa wauza samaki. Siku hizi kuna kijana mmoja Mnyankore, mwenyeji wa huku, anayeleta ndagala kutoka Kigoma, wa Ziwa Tanganyika wenyewe. Anawauza bei ambayo nilimwomba airudie.

"Nyabo, hii si mukene," kijana alimwambia Mama. "Hii kutoka Tanganyika. Onja tu, hapana lipa."

Mama alichukua mmoja. Alimtia mdomoni. Hakufumba macho. Alitafuna polepole, akitazama ukuta wa soko, na nilijua hayuko Mbarara. Sijui ni miaka mingapi ilikuwa imepita tangu aonje kitu kile ambacho jina lake alikuwa ameliuza kila siku.

"Ndiye?" nikauliza mwishoni.

"Njo huyu."

"Basi mnunulie Pasta hawa."

"Hapana." Alijifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Huyu samaki, Pasta hamujui. Akila huyu kule, atasema nimemudanganya."

Alinunua mukene wa kutosha kwa muuzaji wake wa zamani, na kwa yule kijana akanunua kopo moja la ndagala wa Kigoma. Tukarudi kibandani. Akatandika kitambaa juu ya sanduku langu la chaja, akamwaga mukene, akamwaga wale wa Kigoma juu yao, akaanza kuchanganya kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayekanda unga.

"Mama," nikasema, "watu huchanganya cha bandia ndani ya cha kweli. Wewe unakwenda kinyume. Na unapata hasara."

"Funga mudomo, shika huku, zinamwagika."

Nikashika. Aligeuza, akageuza tena. Baada ya muda nilijaribu kuwatenganisha kwa macho, huyu wa Victoria, huyu wa Tanganyika, nikapotea. Yeye naye alimwinua mmoja, akamtazama kwenye mwanga wa mlango, akamrudisha.

"Wa Kigoma yuko wapi?" nikamuuliza.

"Sijui tena."

"Na Pasta atajuaje?"

"Atakula. Siku moja, katikati ya kula, atamupata mumoja."

"Akimkosa?"

Alianza kuwatia kwenye mfuko, konzi kwa konzi, akibonyeza wakae vizuri kwa ajili ya safari.

"Atatafuta," akasema, akafunga mfuko.